Shangazi na Korongo Lisilo na Kigingi

Shangazi yangu hupima mlima. Chuo hajasoma, ni kibarua wa barabara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Jumatatu hupanda mteremko ulio nyuma ya karakana yao kukagua vigingi alivyovipanga kwa kamba. Kigingi kikitoka kwenye mstari, ardhi imetembea. Wenzake humwita Bi Vigingi.

Mimi nilidhani poromoko ni poromoko tu. Akanicheka.

"Mwanangu, kuna ardhi inayotambaa, kidole kimoja kwa mwezi, mpaka miti inapinda. Kuna udongo mzito unaoteremka kama uji uliopoa. Halafu kuna tope lenye mawe. Hilo hufuata korongo, na kwa mbio huliwezi!"

Sasa, vigingi vyote vilikuwa mteremkoni. Korongoni, kando ya karakana, hakuna hata kimoja, maana nani apige kigingi penye maji? Mnyapara wao akasoma daftari la vipimo vya Shangazi, akaandika: ardhi inatambaa tu, karakana ibaki. Watu wanane hushinda mle. Shangazi alimwomba mara tatu aihamishe.

"Bi Vigingi, vigingi vyako mwenyewe vinakukana!" mnyapara akamjibu. Watu wakaangua kicheko.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne Shangazi akachungulia korongo. Mvua inamwagika, lakini maji yamepungua hadi vifundoni! Akajua kuna kitu kimeyaziba huko juu, na kikiachia, basi tena. Akaingia karakana, akazima jenereta.

"Nani kazima?" mnyapara akafoka.

"Mimi. Tokeni nje, wote."

"Nitakuandikia barua ya onyo!"

"Kaiandikie ng'ambo ya barabara, bosi. Kalamu ninayo."

Akawasukuma mmoja mmoja, fundi wa kuchomelea akilalamikia chai yake. Mnyapara alitoka wa mwisho, amenuna. Hawajatulia, ardhi ikatetemeka. Mawe makubwa yalitangulia yakigongana, tope likiyasukuma kwa nyuma, likapita na ukuta mzima wa karakana. Dakika mbili, kimya.

Kesho yake mnyapara alisimama mbele ya kifusi. "Ni ukuta mmoja tu. Tutaujenga."

"Palepale?"

"Sasa karakana tuipeleke wapi?"

Shangazi alimwonyesha mwinuko ulio mbali na korongo. Hakungoja jibu. Alipanda ngazi akiwa na spana, akaanza kufungua bati la kwanza la paa. Fundi wa kuchomelea akaishika ngazi, na baada ya kitambo mnyapara akavua koti, akapokea bati.