Asante Kumi na Moja

Ofisini walimwita Mama Porojo, na jina likamkaa. Si kwamba alikuwa mpiga domo. Kazi yake ndiyo iliyompa jina hilo. Watafiti waliwaweka watu wazima wasiojuana katika makundi ya watano watano, wasome hesabu pamoja mtandaoni kwa wiki kumi na mbili, kila mtu kwake na simu yake. Mama Porojo alisoma kila ujumbe walioandikiana na kuupa alama: swali, jibu, au porojo. Salamu ni porojo. Habari za mvua ni porojo. Miaka minne alikuwa akisoma maneno ya watu asiowajua, na mumewe alimtania kwamba analipwa kwa umbeya.

Kanuni moja haikuwa na mchezo. Aliyeandika jumbe zisizofika kumi alihesabiwa mtoro, akafutwa, na cheti akakikosa.

Siku hiyo orodha ya vyeti ilikuwa ifungwe saa sita mchana. Mama Porojo alikuwa akipitia kundi la saba kwa mara ya mwisho, chai ikimpolea pembeni, akakwama kwenye maneno mawili. "Asante, nimeona." Siku mbili mbele, mwingine naye: "Asante jamani." Akazihesabu asante za namna hiyo, zikafika kumi na moja. Zote alikuwa amezipa alama ya porojo bila hata kupepesa macho. Lakini kabla ya kila asante hakukuwa na ujumbe wowote wa kushukuriwa. Sasa walikuwa wanamshukuru nani?

Waliokuwa wakiongea ni wanne. Wa tano, namba thelathini na nne, hakuwahi kuandika neno, na wiki iliyopita Mama Porojo mwenyewe alikuwa amemwandika mtoro.

Kila kundi lilikuwa na daftari la pamoja mtandaoni, la kufanyia hesabu. Lilihifadhi kila kilichoandikwa na kila kilichofutwa, ila hakuna aliyejisumbua kulitazama. Alama zilitolewa kwa ujumbe tu. Akalifungua, akarudi wiki ya kwanza, akaziacha kurasa zijiandike upya mbele ya macho yake.

Mmoja aliandika jibu, akakosea. Baada ya nusu saa, namba thelathini na nne akaingia, akasimama kwenye mstari wenye kosa. Hakufuta kitu. Aliandika hatua moja tu iliyorukwa, akatoka. Mwenye hesabu aliporudi akaiona, akafuta jibu lake kwa mkono wake, akapata lililo sahihi. Asante, nimeona. Ikawa hivyo ukurasa baada ya ukurasa, hatua moja tu, wala hata siku moja hakumtajia mtu jibu. Kufika wiki ya tisa wale wanne nao wakaanza kusahihishana vivyo hivyo, kimya kimya. Mwili ulimsisimka Mama Porojo. Katika maisha yake hakuwa ameona ualimu wa namna ile.

Akabeba kompyuta mikononi, mbiombio hadi kwa Profesa, mkuu wa utafiti.

"Profesa, nimekosea. Huyu si mtoro."

"Mama, saa tano na nusu hii! Ameandika ujumbe mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Sasa si kanuni unaijua?"

"Naijua, na alama ya utoro nimeiweka mimi. We tazama kwanza, halafu unifukuze."

Profesa alianza kutazama akiwa amesimama. Ukurasa wa pili akavuta kiti. Ukurasa wa nne akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hebu rudisha nyuma," alisema kwa sauti ya chini. Wakatazama upya. "Miaka ishirini namtafuta mtu kama huyu, Mama. Na kanuni ya kumfuta nimeitunga mwenyewe."

Saa sita kasoro dakika nane, thelathini na nne alirudi kwenye orodha ya vyeti. Mama Porojo alishusha pumzi. Alikuwa amefika mlangoni Profesa alipouliza, kama anayeogopa kujibiwa:

"Na wale wengine?"

Mama Porojo alirudi mezani kwake, akavuta droo ya chini, akatoa jalada la watoro. Miaka minne, watu sitini na mmoja, wote kwa mwandiko wake. Alizipitia namba zao kwa staajabu na hofu. Kisha akasogeza kando chai iliyopoa, akafungua daftari la kundi la yule wa kwanza.