Mama Turubai na ufuta unaotoka jasho

Jua halijatoka sawasawa, lakini Mama Turubai tayari yuko juu ya lori. Amepiga magoti kwenye magunia ya ufuta, ncha ya kamba ameing'ata. Chini, dereva anapiga honi kana kwamba amebeba mgonjwa.

"Mama, tunafunga mzigo au tunafunga ndoa?"

"Ndoa yako ingefungwa hivi, mkeo asingekukimbia," anamjibu bila kugeuka.

Wapakiaji wanacheka. Yeye hacheki. Lori hili likifika bandarini na magunia yaliyoloa, hana kazi.

Kazi yenyewe ni kufunika malori turubai na kuyafunga kamba. Ilikuwa ya mumewe, mpaka alipoteleza juu ya mzigo na kuvunjika nyonga. Mke akachukua kamba. Kwa lori moja hupata pesa ya unga wa siku tatu. Msimu ukiisha, hakuna lori wala unga.

Ufuta unastawi hapa bondeni kwa sababu kuna joto na mvua si nyingi. Lakini nchi haina bahari, na wanunuzi wako ng'ambo. Kati ya bonde na bandari ya nchi jirani kuna mlima wenye baridi mwaka mzima, na barabara ni hiyo moja.

"Tunalima kwenye jiko, tunapitisha kwenye friji, ndipo tunauza," anasema.

Mwezi uliopita, lori alilolifunga yeye lilifika na magunia ya juu yameota ukungu. Wakala wa mnunuzi akaukataa mzigo. Akaonya kwamba ukija mwingine wa namna hiyo, atanunua kwingine. Mwenye ghala anayempa kazi hakuzunguka mbuyu.

"Dada, turubai lako linavuja. Likivuja tena, tusijuane."

Alilitandaza juani akatafuta tundu, hakuliona. Dereva wa lori hilo naye aliapa kwamba safari nzima halikudondoka hata tone. Ila alikumbuka kitu: walipofunua, matone yalikuwa upande wa ndani.

"Nikasema, huu si mfuniko wa sufuria huu?" anasimulia. "Tulipakia adhuhuri, ufuta wa moto. Mimi nikakaza mpaka mwisho, najiona fundi. Ulipofika kwenye baridi, ukatoka jasho, na jasho halikuwa na pa kwenda."

Pale ghalani wote hupakia adhuhuri. Wakulima huleta mzigo asubuhi, na madereva hawapendi kulala hapo. Mama Turubai aliomba magunia yalale ghalani milango ikiwa wazi, yapoe, yapakiwe alfajiri. Tena yatandikwe maboksi makavu juu, yanywe unyevu chini ya turubai.

"Na wezi je?" mwenye ghala aliuliza.

"Mume wangu kutembea hawezi. Kukaa macho na filimbi anaweza."

Mwenye ghala alikubali kwa lori moja tu. Ndilo hili la leo, na ndiyo maana dereva, aliyetaka kuondoka jana, ana hasira. Mama Turubai anakaza fundo la mwisho, anashuka, anapiga bati la lori kwa kiganja. "Haya, baba. Nenda salama."

Keshokutwa yake, simu inamkuta anafua. Anaipokea kwa mkono wenye povu.

"Mama, wamepokea wote!" Ni dereva. "Wakala kachovya mkono guniani mpaka kwapani, kautoa mkavu. Ila maboksi yako yameloa chapachapa."

"Ndiyo kazi yake. Na wewe umeacha kununa?"

"Nimeacha, mama. Shikamoo."

Sasa malori yote yanapakiwa alfajiri, na mumewe analipwa kama mlinzi. Mnunuzi amebaki.

Yeye hataki kuishia hapo. Pamoja na wifi yake na majirani, anachanga fedha za mashine ya kukamua mafuta, iliyotumika lakini nzima.

"Mbegu inaota ukungu, mafuta hayaoti," anasema. "Mashudu tutalisha kuku. Kwa nini nayo tuyasafirishe?"

Na turubai litafunika nini siku hiyo? Anacheka kwa mara ya kwanza.

"Mimi nitakuwa nafunga vifuniko vya madumu, nimekaa kwenye kiti. Waulize hapa, kuna aliyewahi kuniona nimekaa?"