Mitetea Weusi wa Kaka

Nimengoja mpaka mama naye alazwe kando ya mwanawe ndipo niandike habari hii. Alipokuwa hai nisingethubutu. Sasa wote wawili wako mbele ya Mungu, na ninaamini huko hakuna kinachofichwa wala kinachouma.

Kaka yangu alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na mlango wake wa bati haukufunguka mpaka uuinue kidogo. Ndani kulikuwa na mifupa ya viti isiyovaa kitu, marobota ya sponji, na harufu ya gundi ya kukulevya. Misumari midogo aliiweka mdomoni na kuisukuma nje mmoja mmoja kwa ulimi, kwa hiyo mteja akiuliza bei alijibiwa kwa vidole.

Ukivuka karakana ukatokea uani, ulikuwa umeingia kwenye maisha yake mengine. Huko alifuga kuku wa mapambo, wakubwa, wa duara kama mito ya kochi, wenye manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu. Rangi yao ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa. Siku za mapumziko alikuja kinyozi wa mtaani, mfugaji mwenzake, ambaye kwa mtindo wa nywele zake sote tulimwita Kishungi. Alikalia kochi lolote ambalo mwenyewe hajalifuata, akaanza uchokozi.

"Fundi, kuku wako wamevaa suruali, yako wewe imetoboka magotini."

"Wao hawapigi magoti kugongomea misumari."

Mama alidakia akiwa jikoni. "Muulize na hili! Kila mwaka anaozesha kuku, yeye mwenyewe ataoa lini?"

"Nikipata mwenye shingo kama ya yule mwekundu, mama, kesho yake utapeleka posa."

"Utapata mwenye mdomo wa kudonoa, ndivyo utakavyokoma!"

Kaka alicheka, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye rangi. Siku moja alirudi na jogoo mdogo, mwembamba, wa majivu kuanzia kichwani hadi ncha za mbawa. Mama alimzunguka yule jogoo, akauliza kama kweli mtu mwenye akili anaweza kutoa hela kwa kipande cha moshi. Kaka akatueleza anachotaka: kuku mkubwa kama wale wake wa shaba, mwili uwe wa majivu laini, na shingo iwe na rangi ya majani makavu yaliyopigwa jua.

"Hiyo rangi haipo," Kishungi akasema.

"Ingekuwepo ningeinunua."

Akamwingiza jogoo kwa kuku wa shaba. Vifaranga walipoota manyoya, wote walikuwa weusi. Si weusi wa kung'aa, bali weusi wa sufuria, na shingoni wana doa la kutu kama msumari wa zamani. Kishungi alicheka mpaka akashika mgongo wa kochi. "Fundi, umechanganya dhahabu na fedha, ukapata masizi!"

Mimi nilimhurumia kaka. Nilimkuta amechuchumaa bandani akiwatazama wale weusi kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Mdogo wangu, hayo macho yako umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi."

"Mama anayo?"

"Hana."

"Lakini yamepitia kwake. Yalilala ndani ya mama, yakaamka kwako. Basi na hawa ni hivyo hivyo. Majivu ya baba yao yamelala ndani yao. Wakishakua nitawarudisha kwa baba yao, na karibu nusu ya watakaototolewa wataamka, na hii kutu ya shingoni itapauka iwe majani makavu."

"Binti kwa baba yake! Mungu apishe mbali."

"Kuku hawajapewa amri, mdogo wangu. Umepewa wewe."

Kishungi alipoelezwa naye, kicheko kilimwisha. Akaanza kuomba auziwe mtetea mmoja mweusi. Kaka akakataa, akasema kwanza aione rangi kwa macho yake. Majogoo weusi aliwagawa, akabaki na mitetea watano. Mama hakuelezwa, si kwa kufichwa. Kwa mama, kuku alikuwa kuku.

Vilemba vya wale mitetea vilipoanza kuwa vyekundu, dalili kwamba kutaga kumekaribia, kaka akaanza kutapika. Tulidhani ni gundi. Hospitali wakakuta uvimbe tumboni, wakamlaza. Mimi nilikaa naye wodini, nikilala kwenye kanga sakafuni, na mama akawa mtu wa njiani kati ya nyumbani na hospitali, chupa ya kutunza joto kwapani.

Kila asubuhi kaka aliniuliza kama mitetea wameshaanza kutaga. Alitaka awarudishe kwa baba yao kwa mkono wake mwenyewe.

"Kifaranga kimoja tu," aliniambia. "Nikikiona kimoja chenye ile shingo, Mungu anichukue bila mjadala."

"Usipange bei na Mungu, kaka."

"Sipangi bei. Namweleza tu."

Kula kulikuwa vita. Uji ulirudi, maziwa yalirudi. Kisha mama akaleta supu ya kuku, na supu ikakaa. Kesho yake ikakaa tena. Nilishika chuma cha kitanda nikamshukuru Mungu kwa machozi, maana daktari alikuwa amesema akipata nguvu kidogo atapasuliwa.

Siku ya tano ya supu mama aliingia amevaa gauni lake la ibada, uso umenawiri. Akamimina.

"Kunywa, baba. Huyu alikuwa mnono kuliko wenzake."

Kaka akapuliza, akanywa mafunda mawili matatu. "Kuku gani hawa, mama? Wa sokoni?"

"Sokoni kuna kuku, au kuna mifupa inayotembea? Nimewatoa bandani." Akaona uso wa kaka umebadilika, akamshika bega haraka. "Usiogope, mwanangu. Wale wazuri wako sijamgusa hata mmoja. Jogoo wako wa moshi yupo, wekundu wote wapo. Nimechinja hivi vyeusi tu, visivyo na sura."

"Wote?"

"Huyu ndiye wa mwisho."

Kaka akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikafungua mdomo. Akanitazama kwa juu ya kile kikombe, nikaufunga.

"Mama, umetia nini humu?"

"Tangawizi na chumvi tu. Mbaya?"

"Niongeze."

Akanywa yote. Akakigeuza kikombe ili mama aone hakuna tone. Tangu alazwe hakuwa amemaliza kikombe cha kitu chochote. Mama akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka, muuguzi akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha huku mwenyewe anacheka. Mama akaenda bombani kuosha chupa, akiimba wimbo wa sifa.

Nilipoanza kulia, kaka alinishika mkono.

"Usimwambie. Si leo, wala nikishaondoka."

"Kaka, na ile rangi yako?"

"Nimeinywa." Akajaribu kucheka, tumbo likamkatalia. "Kishungi alisema haipo. Mwambie ipo, ina ladha ya tangawizi."

Halafu akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuwa anacheka. Nilivuta shuka nikamfunika mpaka shingoni ili mama akirudi adhani amelala.

Hakufika kwenye upasuaji. Mungu alimchukua juma lile lile, alfajiri, mama akiwa njiani na chupa yake.

Baada ya mazishi mama alimwita Kishungi awachukue kuku, kwa sababu hakuweza kuwasikia wakiwika mwenye banda hayupo. Kishungi akakaa kwenye kochi ambalo kaka hakulimaliza, sponji ikionekana pembeni.

"Na wale mitetea weusi, mama? Wale nitawatunza kama mboni ya jicho."

"Wale?" Mama akajiweka sawa. "Wale nilimpikia mwanangu. Chakula chake cha mwisho kilichokaa tumboni kilitoka mikononi mwangu. Alimaliza kikombe, akaomba kingine!"

Kishungi akanitazama mimi, kisha akamtazama mama.

"Walimfaa basi, mama."

"Walimfaa sana."

Nilimkuta Kishungi nyuma ya banda, jogoo wa majivu kwapani, uso ameuzika kwenye manyoya yake.

"Hakubaki hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na yeye alijua?"

"Alijua kikombe kikiwa bado nusu."

Mama aliishi miaka kadhaa baadaye. Habari ya ile supu aliisimulia kwa kila mgeni, na kila alipoisimulia alikaa wima zaidi. Ndiyo iliyomlaza usiku na kumwamsha asubuhi. Mara moja tu, tukichambua maharage uani, aliniuliza.

"Ile rangi aliyokuwa akiihangaikia mwanangu, aliwahi hata kuikaribia?"

"Aliikaribia, mama."

"Sana?"

"Sana."

Akatikisa kichwa. "Masikini. Mungu angemwongezea siku chache tu."

Nikasema amina, nikavuta ungo upande wangu.