Mchapaji wa Gisenyi na Kompyuta ya Kiganjani

Saa nne na robo asubuhi, Nadra Bushira anachapa kwa vidole kumi, macho kwenye televisheni kuukuu iliyotundikwa ukutani. Mezani kuna kibodi na kipanya. Mgeni anainama kutafuta kompyuta chini ya meza, haioni.

"Ni hii," Nadra anacheka, akionyesha simu yake iliyounganishwa na televisheni kwa waya mmoja. "Iko inafanya yote."

Nadra, mama wa watoto wawili, ana miaka 36 na huchapa barua za watu karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, mjini Gisenyi. Mwaka jana umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza kompyuta yake. Fundi alitaka faranga laki tatu. Yeye hupata elfu tano kwa siku.

"Nilikaa miezi mbili bila kazi. Donc, siku moja binamu yangu akachomeka simu kwenye tele, mi nikaona kompyuta nzima!"

Leo anaandaa maombi ya zabuni ya ushirika wa wanawake wa Bugeshi, kule milimani, wanaotaka kuiuzia shule viazi mwaka mzima. Mwisho wa kupokea ni saa tano kamili. Mwenyekiti wao, Mukamusoni, ameketi kando, hapepesi macho. Kurasa kumi na mbili, majedwali ya bei na picha za ghala vyote vinatoka kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni!

Saa tano kasoro robo, televisheni inakuwa nyeusi. Simu imepata joto, imejizima.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Viazi yetu imekwisha!" Mukamusoni anashika kichwa.

Nadra hababaiki. Anatoa kwenye beseni la maji baridi jiwe jeusi la volkano, analifuta likauke, analaza simu juu yake.

"Iko na homa tu, mama. Tuiache ipumue."

Dakika sita baadaye simu inawaka, na hakuna neno hata moja lililopotea. Dakika tatu kabla ya saa tano maombi yanaondoka, kisha jibu linarudi: yamepokelewa. Mukamusoni anafuta machozi, halafu anatoa simu yake kwenye kitenge.

"Na hii yangu?"

"Si kila simu inakubali," Nadra anamwonya, akichomeka waya. Ukutani wanatokea ng'ombe wa Mukamusoni, picha ya mbele ya simu yake, wakubwa kama dirisha.

"Miaka tatu nabeba kompyuta, mi nafikiri ni simu!"

Alhamisi ijayo Nadra atapanda Bugeshi kuwafundisha wanawake wa ushirika kuchapa wenyewe. Je, haogopi kupoteza wateja?

"Kazi itapunguka, najua," anasema. "Lakini ile miezi mbili mi nililia kwamba nimekwisha, na mashine ilikuwa mufukoni. Sitaki mutu mwingine alie vile."