Penseli ya Bwana Mipango

Mchapaji wa ofisi ya mipango humkumbuka yule bwana mipango kwa harufu ya penseli iliyochongwa kwa wembe. Kila asubuhi alichonga moja, akikinga maganda kiganjani kama mtu aliyebeba kifaranga, ndipo akafungua rasimu ya mradi wa kuinua uchumi wa mkoa kwa fedha za Ulaya. Kila alipokuta neno “walengwa” alikohoa kidogo, akalikata, akaandika juu yake “wenzetu”. “Mzee, wafadhili wenyewe ndio wanaolitaka hilo neno,” mchapaji alilalama, maana kurasa zote angezichapa upya yeye. “Mwanangu, kulenga ni kazi ya manati. Wewe ungependa kulengwa?” Akacheka kwa mabega tu, bila sauti. Mchapaji alisonya chini chini, akachapa. Hata siku wageni kutoka Ulaya walipouliza walengwa ni kina nani, bwana mipango hakugusa jalada. Aliwaita dirishani, akawaonyesha kwa penseli fundi viatu, muuza maziwa, na mama mmoja ambaye cherehani yake ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka juzi.

Siku hizi kila kitu ni kompyuta, na hakuna anayekohoa. Juzi mchapaji aliletewa orodha ya mradi mpya, “Walengwa: Wastaafu Wafugao Kuku”, na jina la kumi na saba lilikuwa la bwana mipango mwenyewe. Akatazama huku na huku, akakohoa kidogo, akalifuta lile neno.