Gitaa Lisilo na Tumbo

"Inatangazwa kwa waumini wote, na kwa wasio waumini waliozoea kusikilizia dirishani, kwamba ndugu yetu Naftali, mwana wa marehemu Kefa, atakwenda Singida mjini Alhamisi hii kuchagua gitaa la umeme. Tumwombee safari njema. Tuliombee na gitaa lenyewe, kwa kuwa halijapata kuonekana hapa Shelui tangu kuumbwa kwa dunia."

Ndivyo alivyotangaza mzee wa kanisa Mathayo, baada ya habari za sadaka na kabla ya habari za mbuzi aliyepotea. Alitangaza kwa uso wa msiba, maana Mathayo hata akikutajia bei ya chumvi utadhani anazika mtu.

Naftali alikuwa ameketi benchi la nyuma. Hakupata hata neno moja. Masharubu ya Mathayo yalikuwa yameshuka juu ya mdomo kama nyasi za paa lililochoka, na Naftali alikuwa mtu wa kusikia kwa macho. Aliona tu shingo za watu zikimgeukia. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kufaa kote kote, kama ametajwa kwa wema au kwa ubaya. Walipotoka nje ndipo mkewe Elina alipomsimamisha kwenye mwanga, akamwambia polepole, "Gitaa lako limekuwa la kanisa zima sasa. Wanangoja ngoma."

"Nilimwambia Mathayo nataka kwenda kutazama tu."

"Na Mathayo ulimwona lini akatazama tu?"

Miaka hiyo bendera ya Malkia ilikuwa ingali inapepea bomani, ingawa wapo walioanza kuitazama kama fisi anavyomtazama mbuzi anayechechemea. Naftali hakuwa na neno na bendera. Ujana wake aliumalizia kwenye mgodi wa mzungu mmoja kule mteremko wa Sekenke, penye kinu cha kuponda mawe. Kinu kile kilipiga kelele mpaka watu wakaacha kutumia sauti. Ukitaka maji, ulimtazama mwenzako usoni ukalitengeneza neno kwa midomo tu, naye akakupa maji. Watu walisimuliana misiba na vichekesho siku nzima bila kutoa pumzi, na mnyapara aliyewakuta wakicheka alidhani wamelewa.

Kisha siku moja baruti iliwaka kabla ya kuitwa. Naftali alitolewa shimoni akiwa hai, damu inamtoka masikioni. Alipoulizwa kama amepona, aliisoma midomo ya muulizaji, akajibu kuwa amepona, na watu wakaamini, maana kila walichomwambia wakimtazama alikijibu. Dhahabu ikaenda ng'ambo kupamba vidole vya watu. Naftali akabaki na uvumi mmoja tu kichwani, kama nyuki ndani ya kibuyu kilichozibwa.

Elina peke yake alijua. Wengine walisema Naftali amekuwa na majivuno, ukimwita kwa nyuma hageuki. Yeye akaona ni afadhali aitwe mwenye majivuno. Mwenye majivuno bado huitwa kwenye vikao. Kiziwi hupewa chakula na kuwekwa kando, na watu humsema mbele ya uso wake wakimtabasamia.

Lakini kabla ya baruti Naftali alikuwa mpiga gitaa. Harusi za Iramba zilimjua. Alikuwa na gitaa la boksi alilolinunua kwa dereva wa lori, na alipoligusa, wazee walisahau kwamba muziki ni dhambi mpaka kesho yake. Baada ya baruti alilipiga mara chache, vidole vikitembea, yeye hasikii vinakokwenda, kama mtu anayesema na simu iliyokatika. Akalitundika ukutani. Mchwa, ambao hawadharau chombo cha mtu, wakalila shingo hadi tumbo. Siku alipoligusa tena, lilimwangukia miguuni likiwa vumbi na nyuzi.

Hapo ndipo alipopata habari za gitaa la umeme. Turniboi mmoja wa lori alimsimulia kwamba sauti yake inapita kwenye waya na kutokea kwenye spika, na kwamba huko Tabora lilipopigwa, mtu na mkewe walishindwa kugombana nyumba ya nne. Naftali aliisoma midomo ile mara mbili asije akakosea. Kama kuna sauti ya namna hiyo duniani, labda na yeye itamfikia.

Alichokuwa nacho cha kubadilisha ni maksai wawili wa jembe, Mabaka na Mweusi. Hao ndio waliolima uwele na mtama wa Elina, na zaidi yao zizini hapakuwa na kitu ila ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake.

"Nenda," Elina alimwambia alfajiri ya safari, akiwa amemshika uso kwa mikono miwili ili asikwepe neno. "Sikukatazi. Nimekaa na wewe miaka hii yote ukitazama watu wakicheza na wewe hujui wanachezea nini. Ila Mabaka na Mweusi wakienda, ujue nira itakaa shingoni mwangu. Na mimi sipigwi mjeledi."

Sasa, kwa Wanyiramba wa pale, mtu haingizi mnyama mkubwa zizini bila mjomba kumkagua. Gitaa halikuwa mnyama, lakini kwa kuwa bei yake ilikuwa ng'ombe, ukoo ulikaa ukaamua kwamba sheria ni ile ile. Kwa hiyo Naftali alipanda lori pamoja na mjomba wake Yeremia, mnunuzi wa ng'ombe aliyejulikana minadani kote, mtu aliyeweza kukwambia umri wa fahali kwa kumtazama akinywa maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hilo gitaa ni dume au jike?"

"Sijui, mjomba."

"Ndiyo maana nimekuja."

Huko Singida duka lilikuwa la Mrisho, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na msafara na bibi yake alikuwa Mnyaturu wa Mungaa. Mrisho aliuza kanga, mafuta ya taa na baiskeli, akanunua ng'ombe na ngozi, na karibuni alikuwa amepata vyombo vya bendi moja iliyovunjika baada ya wanamuziki wake kupendana na mwanamke mmoja. Uso wake ulikuwa umenyolewa safi. Naftali alimpenda papo hapo. Midomo ile ilisomeka kama ubao wa shule.

Magitaa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa kama kucha za bibi harusi, na lilikuwa na spika yake kubwa kama kabati. La pili lilikuwa la kahawia, limechubuka ubavuni, na spika yake iliuawa ugomvini.

"Hili jekundu na spika yake nakupa kwa wale maksai wako wawili," Mrisho alisema. "Mtu wangu atakuja kuwachukua Shelui. Litazame lakini kwanza, mzee wangu. Mali haifichwi."

Akaenda nyuma ya duka, akaiwasha injini ya kutoa umeme. Akarudi, akachomeka waya, akapiga nyuzi zote kwa pamoja.

Naftali aliona vumbi likiruka juu ya spika. Aliona vikombe vikitetemeka rafuni, na kuku akitoka mlangoni bila kuaga. Aliona mjomba wake, mtu aliyewahi kusimama mbele ya fahali aliyekasirika, akiishika kofia yake kwa mikono yote miwili. Yeye alisimama karibu kabisa, ameinama, anangoja. Kikaja kitu. Kilikuja kama mlango unaofungwa nyumba ya pili, mara moja, mbali, kisha nyuki wakarudi kichwani.

Mrisho akapiga tena. Mlango ukafungwa tena huko mbali.

"Unasikia hiyo?" Mrisho aliuliza, ametabasamu meno yote.

Naftali alimtazama mjomba wake ili ajue uso wa mtu aliyesikia unakuwaje, akajitahidi kuuvaa. "Nasikia," akasema. Na moyoni alijua kwamba amefika mwisho wa barabara. Kama huu ndio umeme wote uliopo, basi haupo wa kumtosha. Aliwaona Mabaka na Mweusi wakiondoka na mtu wa Mrisho, na Elina amesimama kwenye konde, na kabati lile limekaa nyumbani likiwafurahisha majirani. Angekuwa amenunua sauti ya watu wengine.

Yeremia naye alikuwa amekwisha kuingia kazini. Aliligonga jekundu mbavuni, akalipima shingo kwa shubiri, akaliinua kisogo na mkia. Akalishika la kahawia, akalifanyia vile vile. Kisha akamgeukia mpwa wake kwa masikitiko makubwa.

"Haya magitaa yamekonda. Hayana tumbo. Lile la kwako la zamani lilikuwa na tumbo wazi, unatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Haya ni gogo tupu. Mnyama asiye na tumbo ama ni mgonjwa, ama ni nyoka."

"Mzee, gitaa la umeme halihitaji tumbo," Mrisho alisema. "Tumbo lake ni spika."

"Tumbo liko nje ya mwili? Na mdomo uko wapi? Mimi sijanunua kitu bila kukitazama meno."

Neno hilo, meno, Naftali alilisoma vizuri kwenye midomo ya mjomba wake. Likamrudisha utotoni, kwenye miteremko ile ile ya Sekenke, kabla hajashuka shimoni, alipochunga mbuzi. Wachungaji wote walikuwa na upinde mdogo wenye uzi mmoja. Uliushika kwa meno, ukaugonga uzi kwa kijiti, na mtu aliyekaa kando yako hakusikia kitu cha maana. Lakini wewe, kichwa chako chote kiligeuka ngoma. Ulikuwa muziki wa mtu mmoja. Uliwafaa watu wanaoshinda peke yao.

Akalichukua lile la kahawia kutoka mikononi mwa Yeremia. Akaketi juu ya gunia la chumvi, akalipakata, akainama kama anayekagua mchubuko. Akaliuma bega.

Akaugusa uzi mnene.

Sauti iliingia kwa meno, ikapanda kwenye mataya, ikasimama katikati ya kichwa chake. Haikuja kutoka mbali wala haikubisha hodi. Naftali hakuachia meno mpaka ikaisha, nayo haikuwa na haraka ya kuisha, maana gogo lile lisilo na tundu halikuwa na mahali pa kuitupia nje. Lilibaki nayo, likampa yote. Akaugusa uzi wa pili. Kisha vidole, ambavyo havikuwa vimeulizwa kitu miaka mingi, vikatafuta wimbo wa kumtoa bibi harusi kwa mama yake, vikaukuta pale pale ulipoachwa.

Machozi yalishuka juu ya mbao. Injini ilikuwa imezimwa, na dukani hapakuwa na sauti ila viuzi vyembamba kama mbu ndani ya chandarua.

"Mpwa wangu," Yeremia alisema, akimwinamia, "unamla mnyama kabla ya kumlipia."

"Hili la kahawia bila spika ni kiasi gani?" Naftali akauliza.

Mrisho alishangaa, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, lakini pia kwa kuwa alikuwa na dini. "Mzee wangu, hilo bila spika ni bubu. Nitakuwa nimekudhulumu. Nipe ndama tu, yeyote aliyeacha kunyonya, na bado nitaona haya."

"Nipe huyo bubu," Naftali akasema. "Tutaelewana."

Yeremia alinung'unika njia nzima mpaka Shelui kwamba yeye hakulipitisha, na kwamba likifa asiitwe kulichuna.

Jumapili baada ya ibada, uwanja wa kanisa ulijaa. Walikuja na wale wa dirishani. Madereva walisimamisha malori barabarani. Kina mama walikaa mbele na watoto, na Elina alisimama kando, mikono yake ingali na udongo, maana jana yake yeye, Mabaka na Mweusi walikuwa kondeni.

Mathayo aliinua mkono. Alisema, kwa uso ule ule wa maziko, kwamba Shelui leo inaingia katika nuru, kwamba mataifa makubwa nayo yalianza hivi hivi, na kwamba wenye moyo mwepesi wajishike.

Naftali akaketi kwenye kigoda. Akainama, akaliuma bega la gitaa, akaanza.

Watu walijishika. Wakangoja. Upepo ulipita ukachukua na kile kidogo kilichokuwepo. Mama mmoja alimziba mtoto masikio, kisha taratibu akamzibua. Dereva mmoja aliuliza kama bado halijawashwa. Yeremia akajibu kwa sauti kwamba yeye alisema tangu mwanzo, kitu hakina tumbo. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, na Mathayo, akiona nuru ya Shelui inamfia mikononi, akapiga hatua mpaka kwenye kigoda, akainama.

"Ndugu Naftali," alisema, "mbele ya kanisa lote nakuuliza. Mbona hatusikii kitu?"

Masharubu yalicheza tu. Naftali alitupa macho pembeni, kwa Elina. Elina akalitengeneza swali lile kwa midomo, bila sauti, kama watu wa kinu.

Naftali akatoa meno kwenye ubao, akafuta mate kwa kiganja.

"Mimi nasikia," akasema.