Mama Rehema na app yangu ya mwaloni

Leo nimeambiwa app yangu ni mbovu, nikatamani iwe kweli.

Niliwatengenezea kina mama wanaoanika dagaa hapa Ujiji. Unafungua ukurasa wa mitumbwi, unagusa wa kwenu, inakurudisha ukurasa wa mwanzo na jibu: umefika, au bado.

Asubuhi Mama Rehema kanifuata mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Mtumbwi wa mumewe haujaonekana tangu dhoruba ya juzi.

"Mwanangu, nikigusa mtumbwi wa Baba Rehema inanirudishia 'bado' tu. Hebu itengeneze."

Nikagusa mwenyewe.

Bado.

Jamani, app ni nzima kabisa.

Nikachuchumaa mchangani, nikajifanya natengeneza. Nikamwambia, "Niachie simu, mama, nitakuletea nyumbani." Akanishukuru!

Simu yake ninayo hapa. Nyie, namrudishia na jibu gani?